Kunguru wa Mwaka Sitini na Moja

Rajkot, 2 Agosti 1994

Dada Monghi,

Kila mwaka, mwezi wa Shravan unapokaribia kupevuka, hunifikia bahasha yako. Ndani yake mna uzi wa dada wa kufungwa mkononi mwa kaka, na hamna neno. Ni miaka kumi na tano sasa. Mke wangu Kanku hunifunga uzi huo kwa niaba yako, akisema, "Dada yako ni mwalimu. Labda wino wote uliishia kwenye madaftari ya wanafunzi." Mimi hucheka, kwa kuwa kucheka ndiyo kazi inayonilisha.

Mwaka huu nakuomba utie na barua. Hata mistari miwili. Hata ikiwa ya kunigombeza. Umenigombeza tangu nilipokuwa nikikojoa kitandani, na sikudhurika.

Msimu huu sitapanda jukwaani kusimulia visa kwenye dairo. Daktari amesema koo limechoka na kwamba nisitumie sauti kwa miezi michache. Mtu aliyewachekesha watu wa Saurashtra miaka thelathini anayo haki ya kuchoka. Kanku anasema daktari huyo ajengewe hekalu. Nikitaka chai, nagonga kikombe kwa kijiko. Nikitaka sukari, nagonga mara mbili. Jana jirani yetu Lavjibhai alichungulia dirishani akauliza, "Vipi, mmefungua karakana ya bati humo ndani?"

Katika kunyamaza huku nimegundua kuwa bado najua kuandika. Mkono uliouongoza wewe, kwa kijiti, juu ya majivu ya tanuri la vyungu la Baba, haujasahau.

Mdogo wako,
Vashram


Devaliya, 9 Agosti 1994

Vashram,

Nakujibu kwa sababu umeuliza kwa adabu, na swali la namna hiyo lina haki ya kupata jibu. Uzi wa mwaka huu umo ndani.

Unataka kujua kwa nini siandiki. Itanibidi nikieleze kisa kama kilivyotukia, kwa kuwa wewe umekieleza mara nyingi mno kama kisivyotukia.

Mwaka 1961 nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nimeolewa huku, na wakwe zangu hawakuwa wameniruhusu kurudi nyumbani hata siku moja kwa miezi kumi na minne. Asubuhi moja mtu wa posta alisimama nje ya lango, hakuingia, akaninyoshea kadi iliyochanwa pembe. Nilielewa kabla ya kusoma. Nilisoma nimesimama uani, kama inavyopasa: Vashram amekufa. Niliichana kadi, nikaoga na nguo zangu mwilini, nikapanda basi. Tangu mpaka wa kijiji chetu hadi mlangoni kwa Baba nilitembea nikijipiga kifua na kuomboleza kwa sauti, na wanawake wakatoka majumbani kunifuata. Nilipofika, wewe ulikuwa umeketi kibarazani unakula mkate wa mawele.

Kunguru alikuwa amekutua kichwani. Mama alifanya kama ifanywavyo: aliyeguswa na kunguru huandikiwa barua ya msiba wa uongo, ndugu wa mbali wamlilie akiwa hai, na machozi yao yachukue kifo badala yake. Baada yake hufuata barua ya pili, yenye madoa ya poda nyekundu, kusema kwamba ni mzima. Sikumlaumu Mama. Wala sikukulaumu wewe, siku ile.

Lakini ukakua, ukapanda jukwaani, na kisa cha kwanza ulichosimulia kilikuwa hicho. Kilio changu ukakiiga neno kwa neno: "Ndugu yangu, nani sasa atakula sukari guru niliyokufichia?" Kisha kikatoka kwenye kanda, na kanda zikafika kwenye kila duka la chai kati ya Rajkot na bahari. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Kila nilipogeuka kuandika ubaoni, kulikuwa na mtoto nyuma yangu wa kunong'ona, "Nani atakula?" Mkaguzi wa shule alipokuja aliniangalia juu hadi chini: "Kumbe mwalimu wa sukari guru ndiye wewe!"

Hayo niliyastahimili. Lakini mwaka 1979 mume wangu alifariki. Nilikuwa nimekaa kando ya mwili wake, ninalia, na mwanamke mmoja nyuma ya safu akasema, kwa sauti ya kusikika, "Hebu hakikisheni kwanza kama amekufa." Wakacheka, Vashram. Si wote, ila wengi wa kutosha. Niliacha kulia palepale. Tangu siku ile sijalia mbele ya watu, na tangu siku ile sijakuandikia.

Kanda yako sijaisikia hata mara moja. Sina haja ya kusimuliwa siku niliyokuwapo. Acha kukisimulia kisa hicho, nami nitaandika.

Monghi


Rajkot, 21 Agosti 1994

Dada,

Kanku ameufunga uzi leo asubuhi, na mara hii hakufanya mzaha. Nilimpa barua yako aisome. Aliisoma, akaiweka kwenye kabati la miungu, akaenda jikoni.

Waliyokufanyia kwenye msiba wa shemeji sikuyajua. Nilikuwa Bombay siku zile, nikasimama jukwaani jioni ileile ya msiba. Sina la kusema juu ya hilo, na unajua si kawaida yangu.

Kisa nimekiacha. Sikisimulii tena, wala sitakisimulia. Wapo walionifuata mpaka nyumbani: "Vashrambhai, angalau tupe kunguru! Dairo bila kunguru ni harusi bila bwana arusi!" Nikatikisa kichwa. Nikaandika kwenye karatasi: "Kunguru amestaafu, anapokea pensheni." Gazeti moja limesikitika kwamba watu hawatausikia tena "ule ukimya wake mashuhuri", maana katikati ya kisa, baada ya ile sentensi yako, nilikuwa na mazoea ya kunyamaza na kunywa maji. Vijana wa fani hii wanaiga hata kunywa maji. Mmoja alipaliwa jukwaani huko Gondal.

Ni kwa ajili yako. Andika.

Vashram


Devaliya, 14 Septemba 1994

Mdogo wangu Vashram,

Ahadi ni ahadi, na hii hapa barua.

Niliingia duka la vitambaa juzi. Mwenye duka alitaka kuanza, "Mwalimu, nani ata..." Nikamwambia, "Mwenyewe ameacha. Na wewe acha." Akapima kitambaa, akaniongezea nusu mkono. Nilitoka nikihisi kwamba mtaa ni mpana kuliko nilivyoujua.

Sikutegemea uache. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja zako, nami nilikuwa na majibu yake. Sasa majibu hayo hayana kazi, na siwezi kusema yananisikitisha. Nakiri pia jambo jingine: nyumba hii ina vyumba vitatu na sauti moja, tena sauti yenyewe huongea na ng'ombe.

Kuna mwaliko. Mwaka huu siku ya kaka kula kwa dada yake itaangukia Jumamosi, tarehe 5 Novemba, siku mbili baada ya Diwali. Hujawahi kula katika nyumba hii. Njoo. Nitapika dengu na mkate wa mawele, na sukari guru ya mtambo wa Talala, ambayo sitaificha.

Niambie pia koo linaendeleaje. Umelitaja mara moja tu, kwa mzaha, na mara ya pili hukulitaja kabisa.

Dada yako,
Monghi


Rajkot, 24 Oktoba 1994

Dada Monghi,

Nilikuwa nimekwisha kumwambia Kanku apige pasi kanzu yangu nyeupe kwa safari ya Devaliya. Lakini limetokea jambo la kuchekesha, na nimeamua nikuambie mapema.

Jumanne nilikuwa nimekaa juu ya paa naota jua. Kunguru alishuka akanitua kichwani. Bila shaka ni mjukuu wa yule wa kwanza. Familia zetu zina uhusiano wa muda mrefu. Kanku alipiga kelele, na sasa hatulii mpaka mila itimizwe. Ataandika barua za msiba kwa ndugu wote, nawe utaletewa yako, pembe imechanwa.

Usije. Usilie. Usimwambie mtu. Soma, uchane, uketi kwako, usubiri barua ya pili. Mara ya kwanza nilikufanya uchekwe. Mara hii sitaki mtu yeyote akuone ukitembea barabarani kwa kilio. Siku ya kula kwa dada nitakuja mwakani.

Koo ni lilelile.

Vashram


Devaliya, 28 Oktoba 1994

Vashram,

Barua yako imefika leo mchana. Nimeisoma, nikaiacha, nikawakamua ng'ombe, nikaisoma tena. Nisikilize sasa kwa utulivu.

Dawa ya kunguru haifanyi kazi ila kwa machozi ya mtu aliyeamini. Ndiyo sababu barua ya kwanza haisemi kweli, na ya pili husubiri mpaka kilio kiishe. Ukimwonya anayepaswa kulia, umeimwaga dawa chini. Hili Kanku analijua, bibi yeyote analijua, na wewe umelijua kuliko wote, kwa kuwa limekulisha miaka thelathini. Kwa hiyo hakuna kunguru. Unaumwa, na unaumwa kuliko ulivyosema. Umetaka barua ya kweli itakaponifikia niidhani ya uongo, nikae hapa nikisubiri ya pili. Na ningesubiri hadi lini, Vashram? Umelifikiria hilo? Mzee kama mimi, kila siku langoni, namngoja mtu wa posta aniletee madoa mekundu?

Najua ulikusudia nini. Umekusudia kunikinga na watu. Ni wema, na umekosea.

Nimeukagua mwandiko wako. Mistari imenyooka, na kila herufi ya duara imefungwa. Mume wangu, katika mwezi wake wa mwisho, hakuweza kulifunga duara. Hivyo nakadiria kwamba una wiki kadhaa, pengine miezi. Hakuna haja ya mtu kukimbia kama mwendawazimu. Huwezi kuja kula kwangu. Basi mimi nitakuja na sahani. Nitapanda basi la Ijumaa, tarehe 4, nilale kwenu, na Jumamosi nikulishe kwa mkono wangu kama desturi inavyotaka. Ikibidi nitausaga mkate kwenye maziwa.

Na kwa kuwa nimeanza kufikiri, sikuweza kuacha njiani. Aliyeguswa na kunguru hufichwa ndani mpaka barua ya pili itumwe. Mwaka sitini na moja wewe hukuwa ndani. Ulikuwa kibarazani, umeuelekea mpaka wa kijiji, na mkate ulioushika ulikuwa mzima, haujamegwa. Nimekuwa nikisema miaka yote hii kwamba ulikuwa unakula. Hukuwa unakula. Ulikuwa unatazama njia.

Je, kunguru yule alikuwapo?

Monghi


Rajkot, 1 Novemba 1994

Dada,

Usiukague mwandiko wa barua hii. Ile iliyopita niliiandika kwa siku tatu, maneno machache kila asubuhi, baada ya kumeza dawa na kabla mkono haujaanza. Nilijua itafika kwa nani. Nilijitahidi kufunga kila duara. Naona nilifaulu mno. Njoo kabla ya Ijumaa, ukiweza.

Hakukuwa na kunguru.

Baba alikuwa ameenda kwa wakwe zako mara mbili kukuomba, akarudi mara mbili na punda wake tu. Mara ya pili aliketi akaanza kufinyanga, na vyungu vyote vya siku ile vilipasuka tanurini. Nikasikia Mama akisema jikoni, "Hawatamwachia mpaka afe mtu." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipanda juu ya paa, nikajikwaruza kichwa kwa msumari, nikashuka nikipiga mayowe kwamba kunguru ametua kichwani mwangu. Mama aliamini. Aliandika akilia.

Nilitaka kukuona tu. Sikujua namna nyingine ya kusema hivyo, na sidhani kama kijana wa kiume katika nyumba ile aliwahi kufundishwa.

Kisha nikakusikia kutoka mpakani. Ulikuwa unasema mambo ambayo sikujua kwamba unayajua: chungu chenye ufa ulichokuwa ukinifichia sukari guru, homa yangu ya tetekuwanga, jinsi nilivyolala nimeshika ncha ya kitambaa chako. Wanawake wote wanalia. Mimi nimeketi na mkate. Ulipotokea kwenye kona na kuniona, uso wako ulifanya kitu ambacho sijaweza kukieleza katika miaka thelathini ya kazi ya kueleza. Nilikuwa na njia mbili tu: kulia, au kucheka. Nikacheka. Wote wakanifuata, na tangu hapo ikawa vigumu kurudi nyuma.

Nilikisimulia kwa sababu ndiyo nafasi pekee niliyokuwa nayo ya kuisikia tena sauti yako ikinililia. Watu walidhani naiga ili wacheke. Mwanzoni nami nilidhani hivyo. Lakini kila nilipoifikia sentensi ile koo lilijifunga, ndipo nikaanza kuweka glasi ya maji mezani. Ule ukimya mashuhuri ni huo. Waliokuwa wakiusifu, walimsifu mtu aliyekuwa anameza.

Nimekudanganya jambo jingine. Sikukiacha kisa kwa ajili yako. Sauti ilikuwa imekwisha kuniacha tangu kiangazi. Ningependa kukiacha nikiwa bado na sauti, ili ihesabike.

Njoo na sahani. Sitaweza kumeza, lakini nitaitazama.

Vashram


Devaliya, 18 Novemba 1994

Wifi yangu Kanku,

Nimefika salama. Asante kwa siku zote kumi na mbili ulizonilaza kitandani pako ukalala mwenyewe sakafuni, ingawa nilikukataza.

Nilipoondoka kwako nilikuwa sijakueleza kuhusu ile Ijumaa, na wewe hukuuliza. Uliniona nikiingia tu. Naandika ili uijue.

Nilishuka kwenye basi na sahani imefungwa kwenye kitambaa, nikiwa nimepanga maneno ya kumkemea. Mtaa ulikuwa na taa za Diwali na mwaka mpya kila kibaraza, isipokuwa kimoja. Nikaona mkeka mweupe umetandikwa nje, na wanaume wameketi juu yake. Jirani yenu Lavjibhai alinitambua, akasimama. Nikamuuliza, "Lini?" Akasema, "Juzi, dada. Jumatano alfajiri."

Mara ya kwanza nilikuja na kilio, nikamkuta mzima. Mara hii nilikuja na mkate wa mawele.

Sikukusudia kulia. Nilikuwa nimejizuia miaka kumi na tano, na mtu hujiamini. Lakini miguu ilirudi yenyewe hadi mwanzo wa mtaa, kama inavyompasa dada, na nikaanza kutembea kutoka pale. Nikasema yote. Sikuwa na maneno mengine, Kanku, nilikuwa na yaleyale. Nilipofika kwenye "Ndugu yangu, nani sasa atakula," kijana mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli alicheka. Hakukusudia. Ni sentensi aliyoijua kwa kucheka tangu utoto, na kicheko kilimtoka kabla hajaelewa. Nilisimama. Nilihisi lile jambo la mwaka 1979 linanirudia, na nilikuwa karibu kufunga mdomo wangu kwa mara ya pili na ya mwisho.

Ndipo mwanamke mzee, sikumjua jina, akaitikia kutoka mlangoni kwake: "Nani atakula sukari guru niliyokufichia?" Na mwingine ng'ambo ya njia. Kisha mtaa mzima, vibaraza vyote, kwa pamoja, kama walivyozoea kumwitikia yeye jukwaani, ila safari hii hakuna aliyekuwa akicheka. Wote waliyajua maneno. Yeye ndiye aliyewafundisha. Yule kijana alikuwa amejifunika uso kwa mkono, na midomo yake ilikuwa ikisema nao. Sijui kama katika Saurashtra yote kuna mtu aliyewahi kuliliwa na watu wengi kiasi hicho kwa maneno ya dada mmoja. Ndipo niliponyanyuliwa nikaingia kwako.

Hapa nyumbani nilikuta barua mbili. Yako, yenye pembe iliyochanwa, mtu wa posta alikuwa ameichomeka langoni kwa nje. Nilijua imeandikwa nini, nikaisoma hata hivyo, nimesimama uani, nikaichana, nikaoga. Kwa muda mfupi, nikiwa nimelowa, niliangalia barabarani kuona kama kuna ya pili. Nakuambia hili kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Ya pili ilikuwapo, chini ya mlango. Haikuwa na madoa mekundu. Ni yake, ya tarehe mosi. Ilikuwa ikinitaka nije kabla ya Ijumaa. Wakati inafika mimi nilikuwa nimeshapanda basi, kwa mujibu wa hesabu zangu kuhusu herufi za duara. Nimesahihisha makosa ya watoto wa watu maisha yangu yote, na langu hili hakuna wa kunisahihishia. Nitaishi nalo. Barua yenyewe nitakusomea ukija. Kuna mengi ndani yake ambayo mke anapaswa kuyasikia kwa sauti, si kuyasoma.

Sasa nina ombi. Kwenye kabati la miungu niliona kanda zake zimepangwa. Nitumie moja, yenye kisa cha kunguru. Mwenye duka la vitambaa atanipa redio yake ya kuchezea kanda. Nimekwisha kumuuliza, na ameniahidi kutoka nje wakati nasikiliza.

Usinitafutie iliyo safi. Nataka ile iliyorekodiwa karibu na meza, ambamo glasi inasikika.

Wifi yako,
Monghi